Harufu Imekata

Umewahi kujiuliza ni watu wangapi wako kaburini kwa sababu mtu fulani alikuwa na uzoefu? Si kwa ujinga wake, wala uzembe, wala roho mbaya. Uzoefu. Mtu alifanya jambo leo likamwendea sawa, akalifanya kesho likamwendea sawa, mpaka akaacha kabisa kuuliza kwa nini. Na siku lilipokwenda kombo, aliyelipia hakuwa yeye.

Mtu mwenyewe kazini walimwita Pua, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutapisha mashimo ya vyoo kwenye vichochoro ambavyo gari la kunyonya maji taka haliwezi kupita, na ambamo waheshimiwa hawakanyagi ila wanapokuja kuomba kura. Walikuwa watatu. Pua ndiye mkubwa wa kazi. Mwenzake wa siku nyingi, aliyeitwa Kamba, alivuta ndoo za tope. Wa tatu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa mabega mapana na mdomo usiojua kufunga. Huyo ndiye aliyeshuka na koleo.

Utaratibu wao haukubadilika. Waling'oa mfuniko wa zege, wakakaa kando, wakaliacha shimo lipumue. Kisha Pua alipiga magoti, akainamisha kichwa tunduni na kuvuta hewa. Ikimpiga harufu ya mayai viza, alitikisa kichwa, wakangoja. Alirudi tena na tena, na harufu ilipopotea alisimama, akapangusa magoti na kusema, "Imekata." Hapo ndipo shemeji alipoteremsha ngazi. Alikuwa na mzaha wake wa kila siku: kwamba siku pua hiyo itakapopata mafua, wote watatu watakula likizo ya milele. Walicheka, na Pua alicheka kuliko wote, kwa kuwa tangu ashike kazi ile hakuna aliyemfia mkononi. Mwenye pua kama hiyo ataanzaje kuitilia shaka?

Aliyeitilia shaka alikuwa binti yake. Binti alikuwa anasomea uuguzi, na jioni moja, familia imekaa kula na shemeji akiwa hapo hapo kama kawaida yake, aliuliza jinsi baba anavyojua kwamba shimo ni salama. Baba akaeleza kwa madaha, mkono ukiwa bado kwenye sahani.

"Baba, hiyo hewa huua pua kwanza," binti alisema. "Ikiwa kidogo, unainusa. Ikizidi, huinusi tena. Ukisema imekata, labda ndiyo kwanza imejaa."

"Wewe umeshuka mashimo mangapi?"

"Hata moja."

"Haya basi."

Haya basi ile ndiyo iliyofunga mjadala. Binti alijaribu kusema kwamba kuna kifaa kidogo tu, unakishusha kwa uzi kinapima hewa, na kwamba kuna feni za kupulizia shimo kabla mtu hajaingia. Baba akamwambia kuwa pua hii anayoidharau ndiyo iliyomlipia karo, na leo amerudi kutaka kuifundisha kunusa. Mama akacheka. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

Haikupita muda wakaitwa nyuma ya nyumba moja ya wageni. Shimo la huko lilikuwa refu kuliko waliyoyazoea, lilikuwa limefunikwa muda mrefu, na kuta za majirani zililibana pande zote. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa shuka zilizoanikwa. Pua alipiga magoti akavuta hewa. Harufu ilimpiga mara moja kama kofi. Alivuta tena, hakuna kitu. Alivuta ya tatu, hewa ikawa kama ya chumbani. Alishangaa jinsi ilivyokata upesi, na mshangao ule, ambao ungeweza kumwokoa mtu kama angeuacha ukae kifuani kidogo tu, aliugeuza kuwa majivuno. Alimwambia Kamba kwamba leo wamepata shimo lenye adabu.

"Imekata, shem," alisema. "Shuka."

Shemeji alishuka akiongea. Alikuwa anawasema wageni wa nyumba ile, kwamba ukiwaona na suti zao hutadhani wanaacha mzigo kama huu nyuma yao. Alikuwa katikati ya neno. Hakupiga kelele, hakuita mtu. Aliachia ngazi tu, akaporomoka kama koti linapotoka msumarini. Mwilini hakuwa na kamba yoyote, kwa sababu kamba humsumbua mtu akifanya kazi, na ile waliyokuwa nayo ilikuwa ya ndoo.

Pua aliita mara mbili akaweka mguu kwenye ngazi. Kamba akamkamata ukosi, akamwangusha chali na kumkalia kifuani. Kamba hakujua lolote la hewa wala sumu. Alijua tu kwamba hawezi kuvuta watu wawili. Watu wa zimamoto walipofika walivaa barakoa na mitungi ya hewa mgongoni kabla hata ya kuchungulia. Hakuna hata mmoja aliyenusa kitu.

Msibani kila mtu alikuja na maelezo yake. Kamba alikumbuka kwamba marehemu aliwahi kulalamika kifua. Bila shaka aliumwa moyo bila kujua. Jirani akasema alimwona ametoka asubuhi hajatia kitu tumboni. Shangazi mmoja akafunga hesabu kwa kusema siku zake zilikuwa zimefika. Maneno hayo yote yalikuwa zawadi, na yote aliletewa Pua. Alitakiwa tu anyooshe mkono apokee, na pua yake ingebaki safi, na mkewe angeendelea kuwa na mume ambaye hakumuua mdogo wake.

Lakini pale mkekani kumbukumbu zilianza kumjia. Alimkumbuka yule kibarua wa zamani aliyelegea kwenye ngazi wakamvuta juu kwa nywele, walisema njaa. Akamkumbuka mwingine aliyetoka shimoni anatapika, haoni mbele. Walisema pombe, wakamfukuza kazi. Naye mwenyewe, jioni ngapi alirudi na kichwa kinachopasuka, akalaumu jua? Shimo lilikuwa limejaribu kumwambia, na kila lilipofungua mdomo alikuwa na jibu tayari. Hivi ndivyo wengi wetu tunavyojikusanyia uzoefu. Yanayotuunga mkono tunayahesabu, yanayotupinga tunayatafutia jina jingine, kisha tunajitangaza mashahidi wa kweli kwa kuwa tulikuwepo.

Alasiri Kamba alisogea karibu yake. Alisema, kwa sauti ya msiba, kwamba meneja wa nyumba ya wageni anataka kazi imalizike kesho asubuhi, maana shimo liko wazi na wageni wananung'unika. Kibarua wa kushuka ameshapatikana. Pua apumzike na msiba wake. Yeye Kamba atanusa. Amemtazama akinusa miaka yote hii, atashindwaje?

Pua akasema kwa sauti ambayo hata wanawake chumbani waliisikia:

"Hakuumwa moyo. Pua yangu ilikufa kabla yake. Na mimi ndiye niliyemwambia shuka."

Kamba akamshika bega kwa huruma ya kweli.

"Kaka, usijitese. Pua hiyo imetulinda. Mimi mwenyewe ni shahidi, si niko hai?"

Na wengi wakatikisa vichwa kukubali. Ushahidi gani unaushinda huo? Aliye hai amekaa mbele yako, anaongea, anakunywa chai. Aliyekufa hawezi kuitwa aje aseme alichokiona. Pua alibisha, akaeleza habari za hewa kama alivyoelezwa na binti yake, lakini maneno yalimtoka ovyo, nao wakayasikia kama maneno ya mfiwa. Alimpigia simu meneja. Meneja alimpa pole nyingi, kisha akasema mafundi wenyewe wanaijua kazi yao. Akaenda ofisi ya mtaa, akaambiwa mhusika ametoka. Binti yake aliyefuatana naye angeweza kumkumbusha jambo moja njiani. Hakumkumbusha, na hilo lilimuuma Pua zaidi.

Mkewe hakuwa amesema naye neno tangu maiti ilipoletwa. Kulipopambazuka, wanawake wakiwa wanawasha moto wa kupikia wafiwa, alimfuata uani. Alikuwa ameshika kuku miguu, mmoja wa wale waliofungwa kwa ajili ya sufuria.

"Siku ile mtoto alipokuambia," alisema, "na mimi nilicheka."

Mkewe akamwekea kuku mikononi.

"Mshushe huyu kwanza. Huyu hawawezi kusema aliumwa moyo."

Alipofika nyuma ya nyumba ya wageni, Kamba alikuwa ameshapiga magoti, kichwa kiko tunduni. Kando yake alisimama kibarua, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, amefungwa kamba kiunoni. Angalau hilo Kamba alikuwa amejifunza. Kamba aliinuka, akapangusa magoti, akasema imekata.

Pua hakubishana naye. Alimfunga kuku ndani ya ndoo, akaishusha taratibu mbele ya macho yao. Kuku alilalamika njia nzima, sauti ikigonga kuta za shimo, kisha ikanyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Pua aliivuta ndoo juu akaiweka chini miguuni pao. Shingo ya kuku ilikuwa imening'inia nje ya ukingo.

Meneja alichungulia dirishani, akafunga pazia.

"Kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa," Kamba alisema. "Au fadhaa tu. Kuku ana roho gani?"

Kibarua alianza kujifungua kamba kiunoni. Fundo lilikuwa limekazwa vizuri, akalihangaikia kwa vidole, akashindwa, akaliinamia na kulifungua kwa meno. Aliiacha kamba ianguke. Kisha akainama, akakamata mfuniko wa zege upande mmoja, akasubiri mtu wa kukamata upande wa pili.