Shimo la Verna Linauzwa

Verna Ostby wa Tolley, kamji kadogo ka Minnesota, alikuwa mjane asiyejua kunong'ona. Mbele ya nyumba yake palikuwa na shimo la barabarani lililokwisha kumlia magurudumu mawili ya gari. Alipochoka kulalamika mbele ya baraza la mji, alisimamisha ubao kwenye nyasi zake: MWENYEKITI DWIGHT, SHIMO NI LAKO, NJOO ULICHUKUE.

Mji ukacheka. Dwight Lindgren, mwenyekiti wa baraza la mji, hakucheka. Ikapitishwa amri: marufuku mabango uani, isipokuwa ya kuuza vitu. Hayo nani angeyagusa, na kila Jumamosi ya kiangazi watu wote hutandaza makorokoro yao uani wakauziana?

Polisi Milo akaja kuung'oa ubao, kofia mkononi.

"Mama Verna, usinione mbaya. Nimetumwa."

"Ng'oa, mwanangu. Mdomo mmeniachia."

"Mabango ya kuuza tu ndiyo ruhusa, mama."

"Ehe? Ungesema mapema."

Kesho yake: LINAUZWA SHIMO. LIMETUMIKA MIAKA MITATU, BADO ZIMA. MNUNUZI ABEBE MWENYEWE.

Jirani wa ng'ambo ya barabara naye akapata moto: ZINAUZWA AHADI ZA DWIGHT. MPYA, HAZIJATUMIKA. Wapita njia wakawa wanasimamisha magari kuuliza bei.

Dwight akaleta lami mwenyewe, shimo likazibwa.

"Haya, bibi, umeshinda. Toa ubao."

"Shimo umeziba. Na amri je? Au na mdomo wangu utautia lami?"

Akapaka rangi upya: INAUZWA AMRI MOJA YA KIPUMBAVU. Ubao ulikaa hapo mpaka baraza likaona haya, likaifuta amri.

Verna alitamba wiki nzima. Kisha bango likaota uani kwa Dwight, ng'ambo ile ile ya barabara: KEKI ZA VERNA NI NGUMU KULIKO LAMI YANGU.

Alivuka barabara na nyundo, uso mwekundu. Majirani wakatoka vibarazani. Milo akamkimbilia.

"Mama, nyundo ya nini?"

"Keki zangu! Mbele ya watu!"

"Ni uani kwake, mama."

Verna akasimama, anahema. Dwight alikuwa dirishani, anachungulia. Verna akalisoma tena lile bango, neno kwa neno, midomo ikicheza. Akainua nyundo. Milo akafumba macho.

Ko! Ko! Bango likazama ardhini, likasimama imara.

"Lilikaa upogo," Verna alisema. "Kama ni kunitukana, anitukane wima."

Akarudi kwake, akaingia stoo kutafuta kopo la rangi.