Doa Jekundu Lililokataa Kuzunguka

Hasira zangu ziko karibu, mtaa wetu wote hapa Malindi wajua. Lakini mtu akimgusa dadangu, haziko karibu tena, zishafika.

Dadangu hufundisha watoto falaki barazani kwetu, kila Alhamisi baada ya alasiri. Si kutabiri. Ni hesabu na maumbo, vile wanazuoni wa zamani walivyoufikiria mwendo wa mwezi na sayari. Ubao wake ni mdogo, kwa hivyo humwaga mchanga kwenye sinia la pilau akachora kwa kidole. Siku hiyo alichora duara ndani ya duara. Mama mmoja wa Jilore, amekuja kumchukua binti yake, akaliona lile sinia.

"Mchanga, kidole, maduara! Mwalimu, hiyo ni ramli. Mwanangu simleti kupigiwa bao."

Dada hajafungua kinywa, mimi nishaingia. Nikamwambia yule mama mdomo wake wataka kuchomelewa, na mashine ninayo, kwani kazi yangu ni kuchomelea mageti.

Kufika Jumamosi, watoto wengi washatolewa. Wazazi waliobaki wakasema watakuja Alhamisi wajionee wenyewe. Wakiona ramli, darasa basi.

"Umenisaidia kwelikweli, kaka," dada akaniambia. Wala hakucheka.

"Kwani ulikuwa wawafundisha nini?"

Akanieleza. Wazee wale waliamini mbinguni kila kitu chaenda kwa duara. Lakini hesabu zao za mwezi zilitaka kitu kisogee karibu kisha kiende mbali, nenda rudi, kwa mstari mnyoofu. Mstari utatoka wapi kwenye maduara matupu? Mwanachuoni mmoja wa Uajemi, karne nyingi nyuma, akasema: chukua duara, ndani yake bingirisha jengine, upana wake nusu ya lile kubwa. Nukta iliyo ukingoni mwa hilo dogo itakwenda moja kwa moja.

"Uongo!"

"Ehee. Nawe nenda kakae na mama wa Jilore."

Hilo liliniuma. Shule niliiacha mapema, kuchomelea nimejifunza kwa kuchungulia wenzangu, lakini chuma nakijua. Nikakunja pete ya chuma, nikaifunga juu ya ubao. Nikakata gurudumu la mbao, nusu kamili, nikalivisha mpira wa tyubu lisiteleze. Ukingoni nikatia doa la rangi nyekundu. Dada akapiga mstari wa chaki, kutoka upande hadi upande wa pete, ukipita katikati.

Nikabingirisha. Doa likapinda kama tumbo, likauacha mstari. Raundi ya pili likauacha zaidi. Nikataka kulirusha gurudumu barabarani.

"Ulipima kabla ya mpira au baada?" dada akauliza.

Kabla. Ule mpira ulikuwa umelinenepesha gurudumu! Nikauvua, nikapiga msasa mbao taratibu, nikaurudisha mpira, nikapima tena.

Safari hii doa likashika mstari. Gurudumu lazunguka, mkono wangu wazunguka, doa lateleza juu ya chaki, likafika mwisho, likarudi. Miaka yote hiyo, na mtu yule nafikiri hakuwa na mashine wala tyubu, alikuwa na akili yake tu. Na chuma changu cha mageti kikamtii. Nikabingirisha mpaka dada akaninyang'anya.

Alhamisi baraza ilijaa, na mama wa Jilore mbele kabisa. Nikamwendea kwanza.

"Shikamoo, mama. Nisamehe kwa yale maneno."

"Marahaba. Mashine umekuja nayo, au mdomo wangu umesalimika?"

Watu wakaangua kicheko. Dada akabingirisha. Kicheko kikafa. Yule mama akainama mpaka buibui lake likagusa ubao.

"Wewe unalisukuma kwa ujanja. Lete nishike mwenyewe."

Akalizungusha polepole, kama mtu anayetafuta mwizi. Doa likaenda, likarudi. Akarudia. Akarudia tena.

"Subhanallah. Mkono wangu wazunguka, hili lanyooka."

Binti yake akavua viatu, akaenda kuketi mahali pake pa zamani. Mama hakumzuia, wala hakutazama alikokwenda. Alikuwa amebandika kidole kwenye gurudumu, kati ya ukingo na katikati.

"Mwalimu, na doa ukilitia hapa, ndani kidogo?"

Dada akanitazama mimi. Mbio nikaenda kuleta rangi.