Pua ya Mamkubwa

MAMKUBWA AMESIKIA HARUFU! Jamani, amesikia harufu! Naandika mbio mbio, kwa hiyo mkikuta herufi zimepandana mnisamehe tu.

Ngoja nianze vizuri, maana najijua, nikifurahi naruka ruka.

Mamkubwa ni dada yake mama yangu, na kazi yake ni kupika sabuni. Anapikia chumba cha nyuma chenye dirisha moja na masufuria mawili makubwa meusi. Sabuni ikiwa bado uji uji, anaimimina kwenye maboksi ya maziwa yaliyokatwa ubavuni, inaganda humo. Manukato anatia mwisho kabisa, na hapimi kwa kijiko wala nini. Anatia kidogo, anainamia sufuria, anafumba macho, anavuta pumzi. Anatulia tuli, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani wa mbali. Halafu anasema, "Bado." Anaongeza. Anainama tena. "Haya, imefika." Na ikifika imefika kweli. Ukinawia asubuhi, jioni bado unajinusa mikono kwa siri.

Sasa yakaja mafua. Mafua gani yale! Yalipoondoka yakabeba na harufu zote.

Hakumwambia mtu. Akapika sabuni ya karafuu kama kawaida: akatia, akainama, kimya. Akaongeza, akainama, kimya. Akaongeza mpaka chupa ikaisha. Mimi natoka shule, nimefika kona tu, macho yananitoka machozi. Nikaingia nacheka, "Mamkubwa, leo unawaosha watu au unawang'oa meno?"

Na yeye akacheka. Halafu akageuza ndoo, akaikalia, akalia.

"Sisikii kitu, mwanangu. Pua imekuwa pambo tu."

Basi tangu siku hiyo mimi ndiyo pua yake. Anatia, mimi nainama.

"Inanukiaje?"

"Inanukia vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu, Mamkubwa!"

"Wewe mtoto, pua ya sungura, maneno ya kobe!"

Nikajitahidi. Nikawa nasema inanukia kama kivulini, kama nguo iliyokaukia juani, kama ndani ya begi jipya. Anafunga macho anasikiliza, uso unalainika, unaona kabisa ameondoka pale, yuko kwenye kivuli hicho hicho ninachomwambia.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni akaagiza sabuni za mchaichai. Akasema kikaratasi cha juu kiandikwe kwa Kiingereza, wageni wake wanatoka kila upande. Kazi ya kutafuta neno ikawa yangu, si mimi ndiye mwenye simu? Nikaandika "harufu", simu ikanimwagia: smell, odour, aroma, scent, fragrance. Zote zimejipanga kama ndugu wa baba mmoja. Mimi nikaipenda odour, ilivyokaa kimaringo maringo. Nikasema ndiyo hiyo, tuandike.

"Subiri," Mamkubwa akasema. "Hiyo inaishi wapi?"

"Maneno yanaishi wapi tena?"

"Kila neno lina kwake. Hebu angalia."

Nikasoma mifano. Odour, makao yake mitaro, jalala na makwapa! Mamkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Ungetuuzia sabuni ya makwapa wewe! Wageni wangeoga kwa woga!"

Jua lilikuwa linashuka, chumba kizima rangi ya asali, tukakaa sakafuni tukayapeleka maneno nyumbani moja moja. Smell halina ubaguzi, linaingia kila nyumba, penye uzuri na penye uvundo, ila ukiliacha peke yake watu wanakunja pua. Aroma halitoki jikoni, limekaa na kahawa na mkate unaotoka kwenye oveni. Fragrance limevaa, limechana nywele, liko kwenye chupa za dukani. Kila moja Mamkubwa akawa ananiambia nilirudie polepole, analimung'unya kama pipi.

Nikafika scent. Simu ikasema hilo ni la maua, ni la mbwa anayefuata njia, ni la mtu aliyeshatoka chumbani ila bado kama yupo.

Mamkubwa akafumba macho.

"Kama mto wa marehemu mama," akasema. "Nilikuwa nauficha usifuliwe. Andika hilo."

Nikaandika. Mimi nikadhani ana furaha. Kumbe.

"Mwanangu, nimeanza kuzisahau harufu. Jana nimelitafuta waridi kichwani, halikuja. Nikimaliza sabuni za huyu mama wa wageni, nafunga jiko. Masufuria nimpe Bwana Rangi."

Bwana Rangi ni jirani, fundi wa kupaka nyumba rangi, ameyatamani masufuria yale siku nyingi ili achanganyie rangi zake. Nikabembeleza, nikanuna, nikagoma kula. Wapi! Sabuni zikaisha, zikapelekwa, akayasugua masufuria mpaka nikajiona uso. Chumba kikawa kama kimehamwa na wenyewe.

Leo mchana mlango ukagongwa.

"Hodi, Mama Sabuni! Nimekuja kuchukua wachumba wangu!"

"Karibu, shemeji, ndani humo."

Bwana Rangi akapita mbele yake na ovaroli lake la madoa, akainama akabeba sufuria la kwanza. Mamkubwa alikuwa amegeukia dirishani, hataki kuona. Mara nikaona mabega yake yamesimama. Akageuka polepole kama anaota.

"Shemeji, mbona unanuka?"

"Mimi? Nimeoga, mama!"

"Unanuka tina!"

Sote tukaganda. Kwa asiyejua, tina ni yale maji maji makali ya kuyeyushia rangi. Mamkubwa akamfuata, akamshika ovaroli, akaingiza pua kwenye kola. Bwana Rangi mikono juu na sufuria lake, "Mama, mke wangu akipita hapa nitasema nini?"

"Tulia! Tina! Tina kabisa, jamani, inachoma!" Machozi yanamtoka, anacheka, anamnusa na mgongoni.

Tukakimbia kabatini kwenye chupa za manukato, akanusa moja moja. Karafuu: kwa mbali, kama mtu anapita barabarani. Mchaichai: bado. Waridi: bado. Nikaogopa, nikajua atasema haitoshi.

Akamgeukia Bwana Rangi. "Shemeji, teremsha."

"Lakini tulikubaliana!"

"Teremsha nimekwambia. Waridi halijarudi, siku litakaporudi litanikuta wapi kama jiko limezimwa?"

Akalitua, ananung'unika huku anatabasamu, na sasa hivi ninapoandika jiko linawaka, Mamkubwa anakoroga, ananiita nikainamie sufuria.

Nakimbia. Ukimaliza kusoma, tafadhali mtumie na mwenzako asome.