Majaribio Matatu Yaliyogoma

Jenifa Ignas alisomea kompyuta Dodoma, akarudi Ikungi mama yake alipopooza upande mmoja. Alifungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, na watu wakawa wanamletea kila kitu chenye waya. Ndivyo alivyoletewa mashine ya kutotolesha vifaranga ya Mama Alute, mjane anayefuga kuku wa kienyeji. Hita yake ilikuwa inajizima bila sababu.

Jenifa aligundua kwamba kosa liko kwenye programu inayoiendesha, lakini kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa, na nakala ya programu hiyo hakuna aliyebaki nayo. Jenifa akaamua kuandika nyingine. Kuandika hakukumsumbua. Kilichomkwamisha ni kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu yawe amri ambazo chipu, ubongo wa mashine, inazielewa. Sehemu yake ya mwisho, inayotoa hizo amri, haikuijua chipu ya mashine ile, maana ni ya zamani. Mtandaoni akakuta sehemu mbadala iliyotengenezwa na watu wanaojitolea. Unaondoa ile ya kawaida, unaweka hii.

Alihangaika nayo wiki tatu. Mara toleo haliendani, mara bando linaisha katikati ya kupakua. Ilipokubali, akaendesha majaribio sitini na manne. Matatu yakagoma, yote ya kugawanya namba kubwa.

Akawaandikia wale wanaojitolea. Mmoja akamjibu: "Hata sisi tumeliona. Aliyekuwa anaijua sehemu hiyo ameacha. Pole." Jenifa akazifungua amri zenyewe, mistari maelfu, akazikodolea macho siku mbili. Hakuona kosa lilipo.

Wakati huo Mama Alute alikuwa ameshairudisha mashine nyumbani na kupanga mayai mia na ishirini. Hita ikijizima, anaiwasha kwa mkono. Siku ya kumi na nne umeme ukakatika, na uliporudi ulirudi na nguvu nyingi mno. Programu ya kiwandani ikafa kabisa. Mama Alute alifika kibandani anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ile yako imeisha?"

"Bado. Inakosea kugawanya, na sijui kwa nini."

"Na mengine?"

"Mengine inafanya vizuri."

"Basi iweke. Jana nimeyamulika mayai kwa tochi, vifaranga wanacheza humo ndani. Tukikaa hivi si wanakufa leo?"

Palepale Jenifa alipitia programu yake mstari kwa mstari, akaondoa kila mahali alipogawanya, akaandika kwa njia nyingine. Majaribio ya programu hiyo yalipita yote. Huku nyuma Mama Alute alikuwa amewawekea mayai ishirini na manne kuku wawili waliokuwa wanaatamia. Zaidi ya hapo wasingeweza. Yakabaki tisini na sita kwenye mashine, na jioni hiyo Jenifa akaiweka programu mpya.

Siku mbili mashine ilikwenda vizuri. Namba za mashine zilisoma nyuzi thelathini na saba na nusu, joto linalotakiwa na mayai, na Mama Alute akaanza kuongea habari za banda jipya. Siku ya tatu, mchana, aliingiza mkono kugeuza mayai akautoa haraka. Namba bado zilisoma thelathini na saba na nusu. Kipimajoto cha kioo, kilicholala kati ya mayai, kilisoma arobaini na mbili.

Jenifa alikuja mbio. Wakafungua mlango, wakapepea kwa kanga. Baadaye aligundua kwamba kulikuwa na kugawanya kumoja ambako hakukuandika yeye, ndani ya vipande vya programu alivyoazima mtandaoni vya kusomea joto. Hakuwahi kufikiria kuviangalia.

Siku ya ishirini na moja wale kuku wawili walitotoa vifaranga kumi na tisa. Kwenye mashine hakikutoka hata kimoja. Mama Alute alivunja yai moja, akamkuta kifaranga ana manyoya tayari, akalifunika kwa kiganja.

"Mama, nisamehe."

"Uliniambia inakosea. Mimi ndiye niliyesema iweke."

Afadhali angemfokea. Jenifa aliandika tena kwa wale wanaojitolea, akaeleza kila kitu, joto, saa, idadi ya mayai. Mpaka leo hajajibiwa.

Jioni ile walichimba shimo nyuma ya jiko, refu kiasi cha kuwashinda mbwa. Jenifa alichimba, Mama Alute akawa anayashusha mayai mawili mawili, taratibu, kama vile bado kungekuwa na hasara yakipasuka.