Pua ya Fundi Erisa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi Erisa huchomoa kijiti cha kupimia mafuta kwenye mashine yoyote iliyo karibu, husugua tone kati ya vidole viwili, kisha hulinusa huku amefumba macho. Wenzake wa gereji ya mtaa wa Jebel humtania. "Mganda anakunywa chai kwa pua!" Hucheka nao, akafuta vidole kwenye ovaroli, siku ikaanza.

Alivuka mpaka kuja Juba mwaka 2011, nchi ile ilipopata uhuru, barabara zilipokuwa zikichimbwa kila kona na kila mwenye tingatinga akitafuta fundi. Desemba 2013 bunduki zilipolia, mabasi ya Kampala yalijaa hadi mlangoni, na mafundi karibu wote wakapanda. Erisa hakupanda.

Aprili iliyofuata alipigiwa simu na Aleer, dereva wa tingatinga la kuchimbia, lile lenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Alikuwa kwenye uwanja wa kanisa kule mtaa wa Juba Na Bari, ambako familia zilizokimbia vita zilikuwa zikilala tangu Krismasi. Mashimo ya vyoo yalikuwa yamejaa. Mapya yasipochimbwa kabla ya mvua, uchafu ungeelea mpaka kwenye mikeka ya watoto. Na tingatinga lilikuwa limegoma.

Erisa alifika kwa boda boda. Amou, mwalimu aliyesimamia uwanja ule, alikuwa akitazama wingu jeusi.

"Injini iko poa, fundi," Aleer alisema. "Mkono unainuka vizuri. Lakini nikiweka gia, mbele hakuna, nyuma hakuna."

Erisa hakukimbilia spana. Alianza na breki ya mkono: ilikuwa imeachiliwa. Akabonyeza kitufe cha kwenye wenzo wa ndoo, kile kinachokata nguvu ya magurudumu: hakikukwama. Akachomoa kijiti cha giaboksi.

"Hapo usihangaike," Aleer akasema. "Mafuta nimebadilisha jana. Yamejaa."

Yalikuwa yamejaa kweli. Erisa akasugua, akafumba macho, akanusa. Mayai viza.

"Wewe nawe! Umetia mafuta gani?"

"Mafuta ya gia. Nilienda sokoni Konyo Konyo, nikaomba mafuta ya gia, nikapewa mafuta ya gia."

"Nani alikutuma mafuta ya gia?"

"Si ni wewe, bwana! Juzi, kwa simu!"

Akina mama waliokuwa wakifua wakaangua kicheko. Erisa alijishika kiuno, akacheka kuliko wote.

"Kalas, basi, kosa ni yangu. Mimi nilisema mafuta ya gia, nikawaza ya hii mashine. Wewe ukaleta ile ya lori, inanuka mayai viza, nzito kama asali. Pampu ya hii haiwezi kuinyonya. Yenyewe inataka ile nyepesi, nyekundu."

"Kwa hiyo imekufa?"

"Haijakufa. Imekabwa koo."

Aleer alitumwa gereji kuleta madumu ya mafuta mekundu na filta. Erisa aliwasha injini yale mazito yapate joto na kulainika, akaizima, akalala chini ya tumbo la mashine na kufungua nati. Yalishuka polepole kama uji. Alitoa chujio la waya la ndani, akalisafisha, akafunga na filta mpya. Alitia mafuta mekundu kidogo, akayazungusha, akayamwaga pia, maana koo lililokabwa halioshwi mara moja. Ndipo akajaza.

"Weka gia," akamwambia Aleer.

Tingatinga lilitetemeka, likasita. Amou alishika kichwa. Kisha magurudumu yakatafuna udongo, likaenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele tena, na vigelegele vikapanda kutoka kwenye mahema yote. Erisa alitembea kando yake, kifua mbele, kama baba anayemsindikiza bwana harusi.

Matone ya kwanza yalipoanguka, mashimo yote yalikuwa yamechimbwa na tuta limewekwa upande wa mahema.

Amou alimletea chai chini ya turubai. Erisa aliinusa kwanza, na yule mwalimu ambaye hakuwa amecheka kutwa nzima akacheka.

"Fundi, wenzako walipanda mabasi. Wewe ulibakia nini?"

Erisa alikunywa funda moja.

"Siku ile nilikuwa nimefungua giaboksi ya watu," alisema. "Nani angeifunga?"