Wimbo wa Wawili na Baba Anayechelewa

Baba yangu alimposa Mama kwa kaseti. Vijana wengine wa Kasongo walipeleka kitenge. Yeye alisafiri mpaka Bukavu juu ya gari la mchele, akipakia na kupakua njia nzima, akarudi na kaseti moja ya Wamarekani wawili, mwanaume na mwanamke, waliopigwa picha wamepeana mgongo, wamevaa nguo za rangi moja. Bibi, mama yake Mama, aliishika, akaigeuzageuza, akauliza, "Sasa hii tutaivaa namna gani?"

Mama alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Alicheka mpaka ikajulikana yuko pale. Baba husema kicheko kile ndicho kilichokuwa jibu la posa. Mama anakataa. Anasema alicheka kwa sababu ya viatu alivyovaa Baba siku ile, kimoja cheusi na kingine kama cheusi.

Nyimbo za wale wawili zilifanana. Mwanamke anaanza, anauliza jambo kwa sauti ya juu. Mwanaume anajibu kwa sauti nzito. Halafu wanaimba pamoja mpaka mwisho, na nyuma yao kuna tarumbeta na mpiga ngoma asiye na haraka yoyote, kama mtu aliyekwisha kula. Wazazi wangu hawakujua Kiingereza hata neno moja. Walizishika kwa masikio tu. Mama akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, anaanza swali, na Baba akirudi kutoka shambani anajibu angali njiani, kabla hatujamwona. Tukisikia jibu, mmoja wetu anakimbia kumwekea maji ya kuoga.

Kasoro ya Baba ilikuwa moja. Anachelewa. Mmarekani wa kwenye kaseti hujibu palepale, mwanamke akifunga mdomo tu. Baba huvuta pumzi kwanza, anaangalia mbinguni, anakohoa kidogo, ndipo anaingia. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza mezani. Mmoja anaomba chumvi, mwingine anaangalia mbinguni na kukohoa, chumvi haifiki.

Vita ilipokuja tulikimbilia mashambani, na tuliporudi, radio na kaseti vilikuwa vimekwenda na wenye bunduki. Tulikaa miaka bila kuwasikia wale Wamarekani. Tulikuwa na Baba na Mama tu. Baadaye sana kaka yangu akaleta simu yenye nyimbo zilezile kwenye kadi ndogo, akawapigia wazazi sebuleni. Walisikiliza wameinama. Wimbo ulipokwisha Baba akasema, "Hawa wanakimbia wapi?" Kwake yeye, Wamarekani ndio waliokosea.

Mimi hapo nilikuwa nimesoma ualimu na ninafundisha Kiingereza sekondari, nikajitolea kuwaeleza maana. Nikawaambia, mwanamke anauliza kama mwanaume bado anampenda, na mwanaume anasema ndiyo, anampenda. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Anamuuliza alikuwa wapi."

Nilijaribu kubishana. Cheti changu hakikunisaidia kitu.

Sasa, mdogo wangu wa mwisho, msichana, aliposwa na kijana wa Salamabila anayetengeneza pikipiki za wachimbaji wa dhahabu. Mtoto huyu anapenda mambo yanyooke. Tangu utotoni alikuwa akipanga viatu vyetu mlangoni kwa urefu. Harusi ilipokaribia alikaa na Mama jikoni, mimi nikiwepo, akasema kwa sauti ya upole sana, "Mama, siku ile utuimbie wimbo wa wawili. Watu watachukua video. Lakini ningependa uimbe na mwalimu wa korali ya kanisani."

"Na baba yako?" Mama akauliza.

"Baba atakaa mbele. Atavaa koti."

Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta anabambua karanga. Tulisikia maganda yanalia, pa, pa, pa. Sauti ikakatika. Halafu ikaanza tena, polepole zaidi.

Jioni, wakati wa chakula, akatangaza, "Dada yangu wa Wamaza analalamikia mgongo. Nitakwenda kumuangalia."

"Tangu lini mgongo wake unakuuma weye?" Mama akamwuliza.

"Ni dada yangu."

Asubuhi alipanda pikipiki akaondoka. Mama alipoingia chumbani akakuta msumari wa koti uko mtupu. Mtu haendi kutazama mgongo wa dada yake na koti la harusi. Hapo ndipo tulipojua kwamba amekasirika kweli.

Mwalimu wa korali alikuja siku tatu mfululizo, saa kumi kamili, shati limenyooshwa. Ni mtu mzuri, na ninasema hivyo bila kumdharau. Ana sauti safi, na akiimba huinua kidole kimoja kama anaonyesha ndege. Siku ya kwanza Mama aliimba swali lake, na kabla hajafunga mdomo mwalimu alikuwa amejibu. Mama akashtuka.

"Ngoja kwanza," akasema.

"Nangoja nini, mama?"

"Ngoja... sijui. Ngoja tu."

Siku ya pili walikuwa kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Kila mmoja anampisha mwenzake, halafu wanagongana. Siku ya tatu mwalimu akashusha kidole, akauliza kwa heshima yote, "Mama yangu, mbona pale unaniachia shimo?"

Mama alisema ana mchele wa kuchambua, akaingia jikoni. Nilimfuata. Kweli alikuwa anachambua mchele, lakini alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe.

"Ule mutu anaimba muzuri kabisa," akasema. "Lakini hanipi nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Akatupa punje nyingine. "Miaka yote hii nasema baba yako anachelewa. Nimemsema kwa watu, nimemsema kwa bibi yenu mpaka akafa. Kumbe mimi napumuaga pale." Akasukuma ungo pembeni. "Nenda umulete."

Bibi harusi alisikia. Alisimama mlangoni na orodha yake ya wageni mkononi, akafungua mdomo, akaona uso wa Mama, akaufunga.

Nilikwenda Wamaza kwa pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha, na mara mbili dereva aliniambia nishuke nitembee ili asukume. Nilifika kwa shangazi magoti yangu yakiwa na matope kama nilikuwa naomba msamaha njia nzima. Kabla sijapiga hodi nikasikia kelele nyuma ya nyumba. Kuna kitu kilikuwa kinagongwa, na sauti nzito ninayoijua, na sauti ya shangazi ikiamuru, "Hapana! Tena! Umechelewa tena!"

Nikazunguka. Shangazi alikuwa amesimama na mwiko na sufuria, wima kama askari, mgongo hauna hata alama ya ugonjwa. Baba alikuwa mbele yake amevua kofia. Waliponiona walitulia kama wezi wa mayai.

"Tunafukuza ndege," Baba akasema. "Wanamaliza mpunga wa shangazi yako."

Niliangalia. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa.

Nilisema nimetumwa na Mama. Akakaa kwenye kiti, akajipangusa uso, akauliza, "Alisema nini? Sema vile alivyosema mwenyewe."

"Alisema: nenda umulete."

"Hakusema tafadhali?"

"Hapana."

"Basi ni yeye kweli," akasema, akaenda kutafuta koti.

Shangazi naye akapanda pikipiki ya pili bila kuulizwa. Njiani nilimtazama Baba mgongoni kwa dereva, amelikunja koti kifuani lisipate matope, na nilijisikia vibaya kidogo. Tulikuwa tumecheka kukohoa kwake tangu tukiwa wadogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza kama anasikia tunavyocheka.

Siku ya harusi, baada ya kanisa, tulikaa uani chini ya turubai. Kulikuwa na jenereta, kulikuwa na mikro mbili za kuimbia, na kijana wa korali kwenye kinanda. Wageni wa Salamabila walijaa upande wao na simu zao tayari. Mdogo wangu alikuwa amekaa ndani ya gauni lake kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Mama akaanza. Sauti yake ilikuwa bado ile ya kutwanga sombe, inapanda bila kujilazimisha. Akamaliza swali, akafungua mdomo kuvuta pumzi.

Baba akajibu palepale. Wala kukohoa hakukohoa. Aliingia sawasawa kama Mmarekani.

Mama pumzi ilimwingia vibaya. Akanyamaza. Baba aliendelea peke yake, mwenye fahari, macho kwa shangazi, ambaye alikuwa mstari wa mbele anampigia mapigo kwenye sahani kwa kijiko. Alikwenda maneno mengi kabla hajagundua kwamba anaimba mwenyewe. Kinanda kikafa.

"Nini?" Baba akauliza, na mikro ikawauliza wageni wote.

"Nani alikufundisha kuwahi?" Mama akamjibu, na hiyo nayo ikapita kwenye mikro.

Watu wakaanza kucheka. Shangazi akainua kijiko juu.

"Nilijifunza wiki nzima," Baba akasema.

"Kwa nini?"

Alitazama chini, kwenye viatu vyake, ambavyo siku hiyo vilikuwa vya jozi moja. "Ili nisikuharibie mbele ya watu."

Mama alimwangalia mzee wake kwa muda ambao kwenye video ni mrefu sana. Nimeupima: unatosha mtoto wa jirani kupita nyuma yao na kurudi. Halafu akamrekebisha kola ya koti.

"Chelewa," akamwambia. "Chelewa kama siku zote."

Wakaanza upya. Mama akauliza swali lake, akanyamaza, akavuta pumzi. Baba, kwa kuwa sasa ameamriwa, alitaka kuchelewa vizuri, akapitiliza. Aliangalia mbinguni, yaani turubai. Alikohoa. Kijana wa kinanda akageuka kuona kama mzee ameanguka. Mama alisimama tu, mabega yametulia, hana wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayemwona mwenzake anakuja mbali barabarani na anamjua kwa mwendo. Kisha jibu likaja, zito, na lilipofika watu wote uani walipiga kelele. Bibi harusi alilia mpaka poda ikafanya mito miwili mashavuni, na yeye ambaye hawezi kuvumilia kiatu kilichopinda hakuifuta.

Wakati wa kula mwalimu wa korali alikuja na sahani yake kwa wazazi wangu. Alisema hajawahi kusikia kitu kama kile, na kwamba angefurahi Baba akiingia korali.

"Huyu?" Mama akasema kabla Baba hajameza. "Hapana, mwalimu. Atakuvunjia korali yako Jumapili ya kwanza."

Baba, mdomo umejaa wali, aliitika kwa kichwa kwamba ni kweli.

Maharusi waliondoka kwenda Salamabila siku mbili baadaye, godoro limefungwa kwenye pikipiki ya tatu. Mdogo wangu aliacha orodha ya vitu ambavyo tusisahau kuvituma, na katikati yake, kati ya sufuria na mapazia, alikuwa ameandika kwamba anaomba ile video, yote, isikatwe mahali popote. Tuliwasindikiza mpaka barabara kubwa. Tuliporudi, wazazi wangu walitembea mbele yangu wakibishana juu ya mbuzi wa jirani, kama aliyekula mihogo yetu ni yule mweupe au yule mwenye pembe iliyovunjika, na hawakuwa wamepatana tulipofika nyumbani.