Jinsi Nilivyoipiga Picha ya Golikipa

Nakumbuka Jumamosi moja, jua la alasiri, nimelala kifudifudi kwenye vumbi la uwanja wa Jangwani, kamera usoni, shati langu jeupe limeshakuwa rangi ya udongo. Wewe na wenzako kila mkija hapa kwangu mnaiona ile picha ukutani: golikipa yuko hewani, kajilaza kama mtu aliye kitandani, vidole vinagusa mpira, vumbi limesimama chini yake. Mnaniuliza, "Babu, uliipigaje?" Nami siku zote nawajibu habari za mwanga. Leo nitakujibu sawasawa, mwanangu, kwa hiyo weka hiyo simu chini.

Miaka ile ya Ujamaa filamu zilikuwa adimu. Sukari tulipanga foleni, sabuni tulipanga foleni, lakini filamu hata foleni yake haikuwapo. Unasubiri tu atokee mtu anayo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mpiga picha katika studio ya Mzee Kondo, Kariakoo, nyuma ya soko. Siku hiyo kamera yangu ilikuwa imebakiza picha moja tu, na hiyo moja ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mama yake Asha. Asha aliuza vitunguu pale sokoni, akiishi Magomeni, na mama yake aliletwa kwake kutoka Lindi akiwa mgonjwa wa kifua. Maisha yake yote mama yule hakuwahi kupigwa picha. Asha alikuja studio akaniambia, "Kaka Rajabu, wadogo zangu kule nyumbani wanataka sura ya mama. Tafadhali usiniangushe." Nikamjibu, "Dada Asha, Jumamosi saa kumi nipo mlangoni kwako. Imebaki moja, na ni ya mama." Niliyasema kwa mdomo wangu huu huu.

Sasa, kwenda Magomeni unapita Jangwani. Nikakuta timu mbili za mitaani, watu wamejaa, na mwamuzi ndiyo kwanza amepuliza penalti. Nikasimama. Nikajiambia natazama tu. Mwongo mkubwa! Anayetazama tu anakwenda kulala kwenye vumbi kando ya nguzo ya goli?

Yule golikipa nilikuwa nimeshamsoma siku nyingi. Kabla hajaruka, huinua kisigino cha kulia. Nikapima umbali wa nguzo, nikaacha jua linipige ubavuni, nikashika pumzi. Ukingoja umwone mtu yuko hewani ndipo ubonyeze, umeshachelewa. Unabonyeza kisigino kikiinuka. Nikabonyeza. Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, nami nikajua, hata kabla ya kuisafisha filamu, kwamba nimepata. Furaha ile, Mungu anisamehe, sijawahi kuisikia tena.

Nikaikunja filamu, nikaitoa, nikaitia mfukoni. Ndipo nikamkumbuka mama.

Nilikwenda, nimechelewa. Asha alikuwa amemkalisha kwenye kiti mlangoni, kanga mpya, nywele zimesukwa, poda kidogo usoni. Mgonjwa yule alikuwa amekaa hapo tangu saa tisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nilidhani huji tena."

Akajinyoosha. Akakizuia kikohozi, mwanangu, akakizuia kwa nguvu zake zote ili asitikisike. Nami, badala ya kufungua mdomo niseme, nikainua kamera tupu, nikabonyeza. Ikalia vilevile inavyolia siku zote. Mama akaniuliza, "Nimetoka?" Nikamwambia, "Umetoka vizuri sana, mama."

Moyoni nilipanga kwamba filamu zikija nitarudi, niseme ile ya kwanza imeungua. Mzee Kondo naye nikamdanganya kwamba mama hakuwa na nguvu ya kukaa. Yeye akaikuza picha ya golikipa, akaibandika mlangoni pa studio, watu wakawa wanajaa kuitazama. Mtaa mzima wakanijua, na nilipenda, sikufichi. Filamu hazikuja, na kwenda kuuliza studio nyingine niliona aibu. Siku ya tisa mama akafariki.

Asha alikuja siku ya tatu baada ya mazishi. Hakusalimia. "Nimefuata picha," akasema.

Nikatafuta uongo mwingine, haukuja. Nikamweleza yote mbele ya Mzee Kondo, machozi yananitoka. Asha akaigeukia ile picha mlangoni.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

Kisha akasema taratibu, bila hasira, afadhali angenipiga kofi: "Kaka Rajabu, ungeniambia siku ileile. Studio ya mtaa wa pili walikuwa na filamu. Ningemwita mtu mwingine. Mama amekufa anatutuliza, anasema tusilie sana, sura yake iko kwako."

Akaondoka. Mzee Kondo aliniambia neno moja tu, "Ibandue." Nikaibandua, na toka siku hiyo haijakaa mahali pengine ila kwangu.

Basi usia wangu ni huu, mwanangu. Kumpiga picha golikipa lilikuwa kosa, kwa sababu nilitumia cha mtu. Lakini kosa hilo lilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa mtaa wa pili. Kilichomfukia mama bila sura ni kule kuona kwangu aibu. Ukiharibu cha mtu, mwendee siku hiyohiyo, na vumbi lako mwilini, umwambie nimeharibu. Atakutukana, mwache akutukane, matusi hayaui. Usimfunge mlango wa kutafuta kwingine ili wewe uonekane mwema kwa siku chache. Na kazi yako, hata ikisifiwa na mji mzima, jiulize kwanza ni nani aliyekaa kwenye kiti anakungoja.

Wajukuu wa mama yule wako Lindi, watu wazima sasa. Hakuna hata mmoja anayejua bibi yao alikuwa na uso gani. Mimi naujua, na siwezi kuwaonyesha.

Mungu akupe jicho la kazi, mwanangu, na akupe ulimi unaowahi kusema kweli watu wangali hai. Amina.